Nchi Isiyo na Makaburi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Bendera zote zimelowa.

Jumanne, 4 Machi

Bosi alinunua kitambaa cha bei poa, na kitambaa cha bei poa huchuja. Bendera tulizotundika mbele ya kituo cha mpaka zimenyeshewa mara moja tu, na leo kijani kimeshukia kwenye nyeupe mpaka hujui kipi kilianzia wapi. Tumeambiwa tushone upya zote. Mpiga Pasi, anayenyoosha kila kinachotoka kwenye vyerehani vyetu na hakosi neno, kasema, "Nchi haina hata mwaka, imeshajikojolea." Wenzangu walicheka mpaka bosi akaja kuchungulia. Mimi sikucheka. Si kwamba nimenuna. Kichekesho nilikielewa, ila hakikufika popote.

Ndivyo nilivyo tangu mama afe. Mguu ukikanyaga cherehani kutwa hupata ganzi, hata ukiuchoma sindano hausikii. Mimi imenipanda mpaka kichwani.

Jumatano, 5 Machi

Bendera.

Alhamisi, 6 Machi

Bendera. Baba kapita karakana kuzikagua. Kazishika moja moja kama mtu anayechagua mashuka ya arusi. "Mshono umekaa, mwanangu," akasema, machozi yakimlengalenga. Nikamwambia, "Ni polista tu, baba."

Baba alikuwa msimamizi wa barabara mpaka akastaafu. Sasa ni mwenyekiti wa kamati ya mji, na hakuna aliyeitaka nchi hii kumzidi yeye. Mwaka jana tulipiga kura. Upande wetu wa barabara kuu ukajitenga, upande wa pili ukabaki na nchi ya zamani. Barabara ile ile tuliyokuwa tukiivuka na kikombe mkononi kwenda kuazima chumvi, leo ni mpaka. Ina geti, ina askari, na saa kumi na mbili jioni inafungwa. Kaka yangu anakata vioo upande wa pili. Yeye alipiga kura ya hapana na hakuificha. Baba akamwambia mbele za watu, "Upande ule mimi sina mtoto." Tangu siku hiyo hawajasemeshana.

Mimi nilipiga ndiyo. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni na baba.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi baiskeli, mume wa Mama Mikate, amefariki asubuhi. Alikuwa anajaza upepo gurudumu la mteja, akasema ngoja nikae kidogo, akakaa, basi. Tulikusanyika kwao. Wanaume wakachukua majembe, wakatoka mpaka barabarani, wakasimama. Mmoja akauliza, "Tunaenda kuchimba wapi?"

Hili nataka niliandike vizuri, maana sidhani kama kuna watu wengine chini ya jua wanaoweza kulifanya. Siku za kugawana mji, kamati yetu na kamati ya upande wa pili walikaa wakapigania kila kitu. Zahanati tukaipata. Kinu cha kusaga tukakipata. Kisima tukakipata. Kwa ajili ya machinjio nusura washikane mashati, nayo tukayapata, na baba akarudi nyumbani akiimba. Makaburi hakuna aliyeyataja. Yako upande wa pili, nyuma ya karakana ya kaka, na hakuna hata mmoja wetu asiye na mtu wake pale. Mama yangu yuko pale. Ubavuni mwake pameachwa nafasi ya baba, na ukingo umeshajengwa unaowazunguka wote wawili, kwa sababu waliahidiana hivyo tangu ujana wao. Watu wazima, akili zao timamu, walipigania mahali pa kuchinjia ng'ombe wakasahau mahali pa kuzikwa wao.

"Kwani mlidhani nchi mpya watu hawafi?" Mpiga Pasi aliuliza. Hakucheka mtu, hata yeye mwenyewe.

Upande wa pili wakatuma neno kwamba hawana kinyongo, ila sasa sisi ni wageni, na mgeni kuzikwa kwao kunahitaji idhini kutoka mji wao mkuu. Wiki tatu, pengine nne. Maiti hangoji wiki nne. Kamati ikakaa pale pale uani, chini ya turubai, maji yakitiririka pembeni. Kisha baba akasimama.

"Nchi inayoomba watu wengine ardhi ya kulaza wafu wake bado ni mtoto wa kulelewa," akasema. "Aliye raia wa huku atazikwa huku. Hakuna kuvusha maiti, si leo, si kesho. Tunacho kiwanja nyuma ya ghala la saruji."

Mama Mikate alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha. "Mzee, pale hakuna mtu."

"Atakuwepo yeye."

"Peke yake?"

"Makaburi yote duniani yalianza na mtu mmoja, mwanangu."

Alilisema kwa upole. Hilo lazima niliandike pia. Baba si katili. Aliinama akamshika bega.

Jumapili, 9 Machi

Tumemzika. Kaburi lilijaa maji kabla jeneza halijafika, ikabidi wayachote kwa ndoo za Mama Mikate za kukandia unga. Vumbi la saruji limelowa, pembeni limeshaanza kushika. Mama Mikate hakulia kwa sauti. Alipomaliza kutupa udongo wake alimgeukia baba, akasema, "Mmemlaza mume wangu hapa kama mlinzi wa ghala." Njiani kurudi alinishika mkono, na mimi nikamwacha aushike.

Jumanne, 11 Machi

Nilienda kununua mkate. Mama Mikate kasema mikate imeisha. Ilikuwa imejaa sandukuni, moshi bado unatoka. Nikasema, "Haya, asante." Nikaondoka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimevuka kumwona kaka. Unapewa kibali cha kutwa na kijana wa getini ambaye nilimshonea sare yake mwenyewe, na anakuuliza jina lako bila kupepesa macho.

Kaka alikuwa amelaza kioo mezani, anakipigia mstari. Hainui kichwa mpaka kioo kikatike. Tumezoea.

"Hajambo mwenyekiti?"

"Hajambo. Anakula, analala."

"Ananitaja?"

"Hapana."

Akapuliza vumbi la kioo. "Nilimwambia. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nyumba kubwa ikivuja unaziba paa. Huchomoi tofali lako moja ukaenda kujenga nalo."

"Yeye anasema fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Na ya karibu imeua nini? Imemuua fundi baiskeli?"

Nikamwambia asiseme hivyo. Akaniuliza kama nataka kwenda kumwona mama, ni hatua chache tu kwa mlango wa nyuma. Nikasema siku nyingine, kuna matope. Ukweli ni kwamba niliogopa kusimama pale nisisikie chochote. Nilirudi nikiwaza kwamba kaka ni mwoga, amechagua upande wenye wateja, na methali zake ni za kujifichia.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Mikate imeisha.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimemfundisha msichana mpya kukata. Kachora mstari kwa chaki, kisha kakata juu ya mstari wenyewe. Wote hukosea hivyo mwanzoni. Nikamwonyesha: unakata nje ya mstari, unaacha kidole kimoja kila upande, la sivyo utashonea wapi? Akaniuliza mbona mpaka wetu umepita katikati ya barabara kabisa. Nikamwambia afunge mdomo akate bendera.

Alhamisi, 27 Machi

Miguu ya baba imevimba. Anasema ni viatu.

Jumapili, 6 Aprili

Si viatu. Daktari wa zahanati, zahanati yetu tuliyoipigania, kasema moyo umechoka na maji yanapanda. Kampa vidonge. Nje ya chumba kaniambia, "Dada, hivi ni vya kumpunguzia tu." Nikauliza mpaka lini. Kasema mvua zikiisha akiwa bado anatembea, nimshukuru Mungu.

Nilimshukuru daktari. Nikapita dukani nikanunua sabuni.

Jumatatu, 7 Aprili

Bendera. Safari hii kitambaa ni kizuri.

Alhamisi, 10 Aprili

Baba hawezi tena kulala chali. Tumempangia mito, anaketi kutwa anatazama dirishani, ambako huonekana barabara na geti. Leo nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nampaka mafuta miguuni, bila kumtazama.

"Baba, ulikitakia nini hasa?"

"Nini?"

"Hiki. Mpaka. Serikali yetu wenyewe."

Nilitegemea hotuba. Kaanza na kile kijito cha njia ya shule. Alipokuwa msimamizi wa barabara aliomba kijengewe daraja. Makao makuu wakajibu ombi limepokelewa. Mwaka uliofuata akaomba tena, limepokelewa. Akaomba mpaka akaota mvi. Siku moja ya mvua kama hizi kijito kilimchukua mtoto wa shule na begi lake mgongoni. Mama yake akaja ofisini kwa baba, akampiga kofi.

"Na mimi nilitaka kumpiga mtu kofi," baba akasema. "Nikatafuta wa kumpiga. Hayupo. Kuna muhuri tu, uko mji ambao ni safari ya siku mbili kwa basi. Aliyegonga muhuri hajui kama sisi tuna kijito. Si mtu mbaya, hajui tu. Ndipo nikasema mimi nataka nchi ambayo mtu wa kulaumiwa anakaa mahali ninapofika kwa miguu. Hayo mengine, bendera, nyimbo, ni mapambo. Usimwambie bosi wako."

"Na mpaka je?"

"Kama hujui nchi inaishia wapi, utajuaje nani amekukosea?"

Nikamwambia kwamba Mama Mikate anajua nani amemkosea, na anafika kwake kwa miguu. Alifumba macho. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana yake hasa." Nilidhani amelala, lakini baadaye akasema, "Angenipiga kofi ningefurahi. Hakunipiga."

Jumanne, 15 Aprili

Nilienda kwa mkuu wa kituo cha mpaka. Ana cheo kirefu, lakini mji mzima tunamwita Kinyozi Mdogo, kwa sababu baba yake ni kinyozi na sisi sote tumemwona akifagia nywele zetu. Nikamweleza hali ya baba na ile nafasi iliyoachwa ubavuni mwa mama. Alinisikiliza akizungusha kalamu.

"Njoo kesho, dada."

Nilipomsimulia baba kwamba nilienda kituoni kwa shughuli nimeambiwa njoo kesho, bila kusema shughuli gani, alicheka mpaka akakohoa. "Angalau huyu najua kwao," akasema.

Jumatano, 16 Aprili

Njoo kesho.

Alhamisi, 17 Aprili

Hakusema njoo kesho. Alifunga mlango. "Dada, nikimfungulia baba yako, Mama Mikate nitamwambia nini? Mimi nakula mkate wake kila asubuhi."

Nikamwambia, "Mwambie umeisha." Nikatoka. Nilimwona mjinga aliyevishwa kofia. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilidumu mpaka kwenye kona tu.

Jumanne, 22 Aprili

Habari ya baba imeenea. Mama Mikate alinisimamisha barabarani. Ana unga mpaka viwikoni, hanyooshi mkono asije akachafua watu, anaongea mikono ikiwa juu.

"Nasikia unamwombea baba yako avushwe."

Sikukana.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," akasema. Hakumalizia. Hakuhitaji kumalizia, kila mtu anajua kwa binadamu ukoje. Kisha kwa sauti nyingine kabisa akaniuliza, "Anakula?"

"Kidogo."

"Miguu?"

"Imefika magotini."

Akaguna. Akarudi kwenye tanuri lake.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Mvua. Nimemkata baba kucha.

Ijumaa, 2 Mei

Kaka amekuja. Sikumwita. Kavuka na kibali chake cha kutwa, kaingia na viatu vya matope mpaka chumbani, kasimama. Baba alikuwa macho. Alipomwona akafumba macho na kuanza kukoroma. Baba hakoromi.

Kaka akavuta kigoda. "Shikamoo, baba." Koromo. "Sawa. Basi nitaongea na dada."

Akaongea na mimi, akimtazama yeye. Akasema majani kwa mama yalikuwa yameanza kuota tena kwa ajili ya hizi mvua, ila anayang'oa kila Jumapili. Akasema maji yalikuwa yanatuama upande wa miguuni, akachimba mfereji mdogo. Akasema ule upande wa pili wa ukingo, ulio mtupu, nao anaung'olea, kwa sababu majani hayajui nafasi ya nani. Kila Jumapili, tangu mwaka jana. Mimi sikujua. Hatua chache kutoka mlango wake wa nyuma, na mimi nilimwambia kuna matope.

Baba aliacha kukoroma. Hakufumbua macho. Kaka alipoinuka kuondoka akamwekea mkono miguuni juu ya blanketi, na baba hakuivuta miguu.

Nilimsindikiza mpaka nje. Nilitaka kumwambia kwamba nilimdhania vibaya. Nikamwambia ajihadhari na dimbwi.

Alhamisi, 8 Mei

Hapati pumzi. Bosi kanipa ruhusa. Mpiga Pasi kaleta mashuka yetu yote akiwa ameyanyoosha bila kuambiwa.

Jumanne, 13 Mei

Leo siku ilikuwa ndefu, nitaandika yote.

Baada ya chakula cha mchana alikuja Kinyozi Mdogo, na sare yake kamili. Kaivua kofia mlangoni, kampa baba shikamoo, kakaa ukingoni mwa kiti. Baba alikuwa na nafuu, ameoga, akili yake yote ipo. Akamuuliza habari za baba yake na kama mkono bado unatulia kwenye wembe. Kisha Kinyozi Mdogo akasema kilichomleta.

Wamekwisha kuongea, yeye na kaka. Saa nane mchana vijana hubadilishana zamu na kwenda kula, geti linabaki chini yake peke yake. Gari la kaka la vioo huvuka kila mara na halipekuliwi, vioo huvunjika. "Siku ikifika, mzee," akasema, anatazama kofia yake, "gari litapita. Mimi nitakuwa naangalia upande mwingine."

Nilisimama na sinia mkononi. Nilifikiri baba atalia.

"Sheria ya kutovusha nani aliitunga?" baba akauliza.

"Kamati, mzee."

"Mwenyekiti nani?"

"Wewe, mzee."

"Fundi baiskeli alivushwa?"

"Hapana."

"Basi." Akapumzika, akavuta pumzi. "Umefanya wema kuja, mwanangu. Mwambie na huyo fundi vioo amefanya wema. Lakini mimi nikipita mlango wa nyuma, hii haitakuwa nchi tena, itakuwa nyumba ya mwenyekiti. Nizikeni nyuma ya ghala. Karibu na yule niliyemlaza mimi."

"Na mama?" Sauti ilikuwa yangu. Sikujua kama ningesema.

Akatabasamu kidogo. "Mama yenu atanielewa. Na asiponielewa, haitakuwa mara ya kwanza."

Kinyozi Mdogo alitoka akifuta uso kwa kofia. Mlangoni akaninong'oneza kwamba lile alilosema liko pale pale, mpaka mimi mwenyewe nimwambie basi. Nilimtazama akivuka madimbwi, na sikumwona tena mjinga.

Nikarudi nikaosha vyombo. Nilijua kwamba nimemsikia mtu mkubwa akisema jambo kubwa. Nilijua tu, kama unavyojua saa.

Jumatano, 14 Mei

Hakula.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua ilipiga bati kutwa, ilikuwa kazi kusikilizana. Mchana baba aliamka ghafla, akaitupa shuka.

"Mwanangu, vaa viatu twende."

"Wapi, baba?"

"Kwa mama yako. Kaniachia nafasi."

Nikamwambia alale. Akashusha mguu mmoja chini, ule mguu uliojaa maji, akaushusha na wa pili. Hana nguvu lakini ilinibidi nimshike kwa mikono yote miwili. Akanishika nguo kifuani.

"Nipeleke. Tusingoje, watafunga geti."

Nimelifikiria neno hilo tangu mchana. Mtu anayeweweseka angemtaja mama wa zamani, nyumba ya zamani, angevuka barabara ya zamani. Baba alilijua geti. Alijua linafungwa.

"Baba, Jumanne ulisema uzikwe huku. Unakumbuka?"

Akanitazama. Machoni alikuwepo. "Nakumbuka," akasema. Kisha akasema, "Usiniache kule kwenye saruji, mwanangu. Nakuomba."

Baba yangu hajawahi kuniomba kitu. Huagiza.

Nikamwambia, "Pumzika kwanza, baba." Nikamlaza. Akarudia mara mbili tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, mpaka mvua ikaimeza. Nilikaa nimeshika mkono wake. Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani.

Ijumaa, 16 Mei

Baba amefariki saa nne asubuhi.

Jumapili, 18 Mei

Jana tulizika. Jana sikuweza kuandika.

Saa nane mchana nilikuwa getini, baba bado yuko nyumbani jenezani. Vijana wa zamu walikuwa wameenda kula. Upande wa pili gari la kaka lilikuwa limeegeshwa, injini inanguruma, nyuma wametandika magunia yale ya kulazia vioo. Kinyozi Mdogo ameshika kamba ya geti. Nyuma yangu, mlangoni kwake, Mama Mikate amesimama, mikono juu, unga viwikoni. Alikuwa anatazama tu, kama anayengoja kuona mvua itaangukia upande gani.

"Dada," akasema Kinyozi Mdogo, "nifungue?"

Nilikuwa na baba wawili, wa Jumanne na wa Alhamisi, na wote wawili walikuwa na akili zao. Mmoja alisema mbele ya watu. Mwingine alisema mbele yangu.

"Usifungue," nikasema. "Alisema azikwe huku."

Nimejiuliza usiku na mchana kwa nini. Si kwa ajili ya nchi, nchi mimi nimeishona, najua ni polista. Labda ni kwa sababu yule wa Jumanne ndiye aliyetaka akumbukwe. Labda ni kwa ajili ya Mama Mikate. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimesimama katikati ya barabara watu wakinitazama, na lile lilikuwa neno rahisi.

Kaka akazima injini. Akavuka kwa miguu. Kijana aliyerudi zamu akamuuliza, kwa sababu ndivyo anavyouliza kila mtu, "Umekuja kwa shughuli gani?" Kaka akasema, "Kumzika baba." Kijana akauliza atakaa siku ngapi. Kinyozi Mdogo akamwambia nyamaza, mpe kibali.

Kaka alichimba mwenyewe. Hakumpokeza mtu jembe. Juu kuna gamba la saruji lililoshika, ilibidi alivunje kwanza, na vipande akavipanga pembeni vizuri kama vioo. Mji wote ulikuja. Mama Mikate alikuja wa mwisho, mikono ameinawa. Akatupa udongo kwa baba, kisha akaenda hatua mbili pembeni akatupa na kwa mume wake. "Haya," akamwambia mume wake, "umepata wa kubishana naye." Kisha akanijia akanishika uso kwa mikono yake miwili, ikiwa bado na udongo. Watu wakaanza kulia kwa sababu yake. Nilitamani anipige kofi.

Kibali cha kaka kilikuwa mpaka saa kumi na mbili. Tukaenda naye getini, polepole. Mvua ilikuwa imepungua. Akasimama kabla ya kuvuka.

"Mwishoni kabisa," akauliza, "Alhamisi, alipokuwa na wewe. Alisema nini?"

"Alisema azikwe huku."

Akatikisa kichwa, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuiona tangu kura. "Mzee mbishi," akasema. "Mpaka dakika ya mwisho. Sikujua kama alikuwa anaamini hivyo kweli." Alikuwa analia na anacheka. Akasema laiti angemwambia kwamba anamheshimu. Akasema atamweleza mama Jumapili, mama atafurahi kusikia kwamba hakutetereka.

Akavuka. Geti likashuka. Aligeuka mara moja akanipungia mkono, na nikampungia.

Nilisimama pale mpaka kijana wa zamu akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo. Naumwa. Tangu jana kifua changu chote kinauma kama kimeshonwa bila kuachiwa nafasi, sijala, sijalala, na kila nikifumba macho nasikia mkono wake ukinivuta nguo. Alhamisi tulikuwa wawili chumbani. Sasa anayejua alichoniomba baba yangu ni mimi peke yangu, na nimeshamjibu hapana.